Kanisa Lililotoka Mjini

Jina la nchi yetu lilipitia Kitui. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani aitwaye Johann Ludwig Krapf alisimama pale akauona kwa mbali mlima wenye weupe kileleni. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi wa Mwendwa, tajiri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilikuwa ikishuka mpaka pwani. Wakamba waliuita mlima ule Kiinyaa. Krapf akaandika kama alivyosikia, na leo neno hilo, baada ya kupita midomoni mwa watu wengi, liko kwenye kitambulisho chako.

Wengi wetu tulifundishwa hadithi hiyo darasani ikaishia hapo: mzungu, mlima, tarehe. Mtihani ukipita, basi. Lakini Krapf hakufika Ukambani kwa ajili ya mlima. Alikuwa ametumwa na Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza, na alikuwa akitafuta mahali pa kuweka kituo cha misheni. Hapo hakufanikiwa. Sasa kama wewe, kama mimi, ni mtu wa Nairobi ambaye ocha kwao ni Kitui au Makueni, na nyanya yako ana sare ya Mothers' Union iliyokunjwa vizuri kabatini, jiulize: ikiwa Waanglikana wa kwanza walishindwa, hili kanisa la nyanya lilitoka wapi?

Nilianza kuuliza swali hilo kwa sababu ya jambo dogo. Parishi yetu, upande wa Makueni, ina jiwe la msingi lenye tarehe ambayo babu yangu angeiona akiwa mtu mzima. Kanisa langu la mjini lina jengo la zamani kuliko hilo. Mimi nilikuwa nimezoea kudhani kwamba ocha ndiko mambo ya kale yaliko, na mjini ni mambo mapya. Kwa upande wa Uanglikana wa Ukambani, mambo yalienda kinyume.

Turudi kwa Krapf kidogo. Mwaka 1851 alirudi akitaka kuanzisha kituo Yatta. Mambo yakaharibika mapema, akaenda tena kwa Kivoi, wakafunga safari pamoja kuelekea mto Tana. Njiani wakavamiwa. Kivoi akauawa. Krapf akabaki peke yake porini, bila chakula, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki na kwenye mfuko wa darubini yake. Alipofika kwa watu, jamaa za Kivoi wakamtupia lawama za kifo kile, naye akatoroka usiku. Akafika Rabai akiwa hoi. Alichokiacha ni Injili ya Marko kwa Kikamba, iliyochapwa Ujerumani, katika mji wa Tübingen, mwaka 1850. Kitabu kilikuwepo kabla ya kuwepo kwa msomaji wake.

Wengine walijaribu baadaye. Mwaka 1891 Waskoti walifungua misheni Kibwezi. Malaria ikawamaliza nguvu, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu, kwenye baridi. Mwaka 1895 mmisionari Peter Cameron Scott alikuja na kikundi kidogo wakaweka kituo Nzaui, ambako leo ni Makueni. Hicho ndicho kilikuwa kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission. Scott mwenyewe alikufa Desemba 1896, miezi kumi na minne hivi baada ya kufika. Upande wa kusini mwa Kitui, Walutheri wa Kijerumani walijenga Ikutha, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa, na kazi yao ikachukuliwa na AIM.

Hapo ndipo ramani ya dini ya Ukambani ilipochorwa. Wamisionari wa Kiprotestanti hawakutaka kugongana, kwa hiyo waligawana maeneo. Church Missionary Society ilikuwa na pwani, Taita, sehemu za Ugikuyu na upande wa magharibi. Ukambani ukawa kwa kiasi kikubwa wa AIM, ambayo ndiyo ilizaa AIC ya leo. Ndiyo maana ukienda soko lolote la Makueni utaona AIC kabla ya kuona ACK, na ndiyo maana kuna familia nyingi ambazo nusu yao wanasali huku na nusu kule, wakikutana mchana kwenye sufuria moja ya muthokoi.

Basi Uanglikana ulirudi vipi mahali ambapo wenye Uanglikana walikuwa wamejiondoa? Kwetu wazee husimulia hivi: ulirudi na watu wa kazi. Mkamba alitoka kijijini akaenda kupiga nyundo kwenye reli, kupika kwenye nyumba ya mzungu Nairobi, kubeba mizigo bandarini Mombasa, au kuvaa sare ya askari. Huko alikosana na upweke wa mjini kwa kuingia kanisa lililokuwa karibu na mahali alipolala. Mara nyingi kanisa hilo lilikuwa la Kianglikana. Akafundishwa kusoma, akabatizwa, akapewa jina. Alipostaafu, au alipoachishwa kazi, au alipokuja likizo ya Krismasi, alirudi na sanduku la mbao, baiskeli kama alikuwa na bahati, na kitabu cha sala. Akakusanya wake zake wa jirani, watoto na mashemeji chini ya mti. Hakukuwa na kasisi. Alisoma mwenyewe.

Njia hiyo ya kutoka mjini kwenda kijijini haikuwa ya Waanglikana peke yao. African Brotherhood Church, kanisa ambalo Wakamba walilianzisha wenyewe bila mmisionari wa kuwasimamia, lilizaliwa Nairobi mwaka 1945 likiongozwa na Simeon Mulandi, kisha likaweka makao yake Mitaboni, Machakos. Mji ulikuwa mahali ambapo Mkamba alipata nafasi ya kuchagua, na chaguo lake akalibeba kwenda nalo nyumbani.

Sehemu kubwa ya Makueni yenyewe ilikuwa bado inaanza kukaliwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imefungua msitu wa vichaka uliojaa mbung'o, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 familia zikahamia huko kutoka milima iliyokuwa imejaa watu. Walifika mahali pasipo kaburi la babu, pasipo thome ya wazee wa zamani, pasipo ithembo, yaani ile miti mikubwa ambako Wakamba walitoa sadaka na kuomba mvua. Ilibidi watengeneze ujirani kuanzia mwanzo. Kanisa lilikuwa njia mojawapo ya kufanya hivyo. Ukimuuliza mama mzee wa parishi yetu alimjuaje mwenzake wa boma la pili, atakwambia walikutana wakikanda udongo wa ukuta wa kanisa.

Mambo ya ofisi yalikuja nyuma ya watu. Kanisa la Kenya lilipata askofu mkuu wake mwenyewe mwaka 1970. Dayosisi ya Machakos ilianzishwa mwaka 1985, ya Kitui mwaka 1995, na baadaye Makueni nayo ikapata yake. Mwaka 2002 askofu wa Kitui, Benjamin Nzimbi, akawa Askofu Mkuu wa Kenya nzima, akahudumu mpaka mwaka 2009. Kutoka Krapf akikimbia usiku mpaka mtu wa Kitui kukaa kwenye kiti kile ni miaka 151, na kazi kubwa ya miaka hiyo ilifanywa na watu ambao majina yao hayako popote isipokuwa kwenye daftari la ubatizo.

Sasa tuingie ndani. Kama hujakaa kwenye ibada ya kijijini siku ya kawaida, isiyo Krismasi, mambo ni haya. Parishi moja ina makanisa kadhaa, na kasisi ni mmoja. Jumapili hii yuko hapa, ijayo yuko ng'ambo ya mto, na akitumia pikipiki anaweza kufika mawili kwa siku moja kama mvua haijanyesha. Kwa hiyo Jumapili nyingi anayeongoza ni msomaji, mkulima kama wengine, ambaye Jumamosi alikuwa akipuliza dawa kwenye ndengu. Kengele ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ibada ni Kikamba, ila ukionekana umetoka Nairobi utakaribishwa kwa Kiswahili na kuombwa usimame usalimie. Utasimama. Hakuna njia ya kukwepa.

Anglikana ya kitabu ipo palepale: ungamo, Zaburi, somo la kwanza, la pili, Imani. Lakini hiki si kitabu cha Uingereza kilichotafsiriwa tu. Mwaka 1989 kanisa la Kenya lilitoa ibada yake lenyewe ya Ushirika Mtakatifu, iliyotungwa hapa nyumbani. Mwisho wake watu hunyoosha mikono na kuitupa kuelekea msalabani, wakitupa huko shida zao, halafu mara ya mwisho huinua mikono juu. Nimeona jambo hilo likifanywa kanisa la mjini kwa aibu, mkono ukitoka nusu, simu ikiwa kwenye mkono wa pili. Kijijini, mama aliyepanda mara mbili msimu mmoja na mbegu zikaungua mara mbili hatupi mkono nusu.

Halafu kuna matangazo. Wageni hulalamika kuwa matangazo ni marefu kuliko mahubiri, na ni kweli. Fulani amelazwa. Bwawa litachimbwa Jumanne, kila nyumba itoe mtu. Fulani ana msichana aliyepata nafasi ya sekondari na karo haijatimia. Chifu anataka kuongea kuhusu chanjo ya ng'ombe. Mimi siku hizi naona hapo ndipo parishi inapojisoma yenyewe kwa sauti. Baada ya ibada watu hutoka nje kwa mnada. Aliyekosa pesa alileta kuku, boga, kikombe cha mayai au mkungu wa ndizi kama sadaka, na vitu hivyo huuzwa hapo kwa kelele na vicheko. Embe moja linaweza kununuliwa, kurudishwa, na kununuliwa tena mara nne. Mwenye embe ametoa alichokuwa nacho, na hakuna aliyemwona akirudi kwenye kiti mkono mtupu.

Ukitaka kuelewa mnada huo, na bwawa la Jumanne, lazima uelewe neno moja la Kikamba: mwethya. Mwethya ni kundi la majirani wanaofanya kazi kwa zamu. Leo tunalima kwako, kesho tunaezeka kwangu. Asiyeweza kuja hutuma mtu. Wakoloni walijaribu kuugeuza kuwa kazi ya lazima ya kuchimba matuta, na watu wakauchukia kwa jina hilo. Ulipoachwa mikononi mwa wenyewe, hasa wanawake, ukafanya maajabu. Mwaka 1994 kilichapishwa kitabu cha utafiti, More People, Less Erosion, kuhusu Machakos ya zamani iliyokuwa bado inajumuisha Makueni. Kilionyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua. Ardhi iliyokuwa imeandikwa na maafisa wa kikoloni kuwa imekufa iliponywa na majembe ya watu wake.

Kanisa la Kianglikana lilipotaka kufanya maendeleo Ukambani halikuwa na haja ya kubuni chombo kipya. Shirika lake la eneo hili, lililoitwa zamani Ukamba Christian Community Services na leo Anglican Development Services Eastern, limejenga mabwawa ya mchanga pamoja na vikundi vya wenyeji. Bwawa la mchanga ni jambo rahisi kulieleza na gumu kulijenga. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu, ukuta ukae juu ya mwamba. Mvua ikija, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa katikati ya chembe za mchanga. Jua haliyafikii. Miezi baada ya mto kukauka, mwanamke anafukua kidogo kwa mikono na kupata maji. Wafadhili huleta saruji na fundi. Mawe, mchanga, maji ya kukorogea na migongo ni vya mwethya.

Kiu na njaa si mifano ya mahubiri huku. Wakamba huita miaka ya njaa kwa majina, kama vile watu wengine wanavyotaja marais. Kulikuwa na Ngomanisye, mwishoni mwa karne ya 19, ilipokuja pamoja na ndui na ugonjwa wa ng'ombe. Kulikuwa na Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa kutoka angani. Na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na Nikw'a ngwete, yaani "nakufa nikiwa nimeshika." Kilichoshikwa mkononi ni pesa. Watu walikuwa na noti na hawakuwa na mahali pa kununua unga. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikikosa kunyesha vizuri, na hiyo nayo italipata jina lake.

Mtu aliyeyafikiria mambo haya kwa kina alikuwa mwana wa hapa. John Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akalelewa katika mazingira ya AIM, akasomea udaktari Cambridge na kuumaliza mwaka 1963, na akawa kasisi wa Kianglikana. Kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, kinasomwa duniani kote, na ndani yake alitumia maneno mawili ya Kiswahili kama misingi ya hoja yake: sasa na zamani. Alisema kwamba aliyekufa bado yuko ndani ya sasa maadamu kuna mtu anayemkumbuka kwa jina. Akisahauliwa na wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika zamani. Wasomi wengine wa Kiafrika walimpinga kuhusu wakati, hasa aliposema kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, na mimi naona walikuwa na hoja: watu wasio na wakati ujao hawajengi bwawa litakalojaa mchanga misimu kadhaa ijayo. Ila kuhusu majina alisema kweli. Miaka kabla ya kufariki kwake mwaka 2019, mzee huyo alirudi kwenye lugha ya mama yake akatafsiri Agano Jipya kwa Kikamba, likatoka mwaka 2014. Krapf alianza na Marko kabla ya kuwa na wasomaji. Mbiti alimalizia kwa ajili ya wasomaji aliokua nao.

Sasa tufike kwetu. Parishi ya kijijini inabebwa na wanawake wenye umri wa kuwa nyanya. Mothers' Union ilianzishwa Uingereza na Mary Sumner mwaka 1876, lakini ukiwaona kina mama wa Makueni na sare zao nyeupe na buluu wakigawana kazi ya msiba, nani atachota maji, nani atapika, nani atalala na mjane, hutawaza juu ya Uingereza. Vijana wa KAYO ni wachache, na wanaofikia miaka ishirini hupanda basi la Nairobi. Kanisa lililoletwa na mtu aliyetoka mjini linamaliziwa nguvu na watu wanaokwenda mjini.

Sisi tunajibu kwa pesa. Kikundi cha WhatsApp kinaundwa, namba ya M-Pesa inawekwa, na harambee ya paa la kanisa inafanyika bila mtu kupanda gari. Sidharau hilo. Paa ni paa. Lakini pesa ina tabia ya kuita pesa kubwa zaidi, na kwa miaka mingi mchango mkubwa wa harambee ya kanisa ulikuwa wa mwanasiasa, naye alidai maikrofoni. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit alitangaza kwamba wanasiasa hawatahutubia tena ndani ya makanisa ya Kianglikana. Mwaka 2024 vijana wa rika letu wakaenda mbali zaidi, wakayauliza makanisa hadharani pesa hizo zinatoka wapi. Lilikuwa swali la haki. Ila lina nusu ya pili ambayo tunatakiwa kujiuliza wenyewe: bahasha ya mheshimiwa ikikataliwa, nani ataziba pengo lake, na kwa nini?

Jibu la mwethya ni la zamani na ni gumu. Asiyeweza kuja hutuma mtu, lakini akikosa kuja mwaka baada ya mwaka, anatoka kwenye zamu. Hakuna anayemfukuza. Watu wanaacha tu kumhesabu wanapopanga kazi, na siku akiwa na msiba, wanakuja kwa heshima ya mama yake. Mama yake akifa, hesabu imekwisha. Wengi wetu tuko katika kipindi hicho cha kuhesabiwa kwa ajili ya mama, na hatujui.

Ndiyo maana jina la ile njaa halinitoki kichwani. Nikw'a ngwete. Kijiji kinaweza kuwa na simu zilizojaa pesa kutoka Nairobi, Mombasa, Dubai na Texas, na kikakosa watu wa kuinua jiwe, wa kubeba jeneza, wa kumsaidia msomaji mwenye miaka sabini kuongoza ibada akiwa na mafua. Hiyo nayo ni njaa ya mtu aliyeshika pesa mkononi.

Wale wa kwanza hawakuwa watakatifu wala wasomi. Walikuwa wapishi, mabawabu na wapiga nyundo wa reli ambao walikuwa na likizo chache kuliko zetu na barabara mbaya kuliko zetu. Walibeba walichojifunza mjini wakakirudisha, wakakiweka mikononi mwa majirani, na majirani wakakigeuza kuwa chao. Mjini tumejifunza mengi pia: hesabu za vitabu, sheria, simu, uganga wa hospitali, namna ya kumuuliza kiongozi swali bila kutetemeka. Kamati ya parishi inayohesabu pesa za mnada kwenye daftari la kurasa 96 ingefaidika na mtu wa namna hiyo, hata kwa Jumapili nne kwa mwaka. Na Jumanne ya bwawa ikitangazwa, majina husomwa kwa mpangilio wa nyumba. Nyumba yenu imo kwenye orodha. Anayeitikia, mpaka sasa, ni nyanya.